Tulivyokwenda Kuchora Majengo ya Nairobi

Walimu wenzangu, tangu nirudi mmekuwa mkiniuliza habari za Nairobi, nami nimekuwa nikiwajibu kwamba ni mji mkubwa, kisha naingia darasani. Sikuwa nawaficha neno. Nilikuwa sijui nianzie wapi. Sasa shule imefungwa na mvua hainiachi nitoke nje, basi nimekaa niandike yote, ili anayetaka kujua asome na asinisimamishe tena njiani.

Mambo ya tikiti na vibali nitayaruka. Mnayajua wenyewe, tena yanachosha.

Mnavikumbuka vile vitabu vyembamba katika kabati la darasa la sita, vya kuwafundisha wanaoanza habari za majengo mashuhuri ya miji ya ng'ambo. Watoto wetu wa Nakuru wanaweza kueleza ngome na minara ya miji ambayo hata mimi sitaifikia, lakini hakuna hata mmoja aliyejua stesheni ya Nairobi inafananaje. Bwana Amosi, mhariri wa kampuni moja ya vitabu huko Nairobi, alipopita shuleni kwetu nilimlalamikia jambo hilo. Akacheka akasema, "Basi kiandike wewe." Alitaka maneno machache na picha kubwa: stesheni, msikiti mkubwa, mahakama, na mengine kama nafasi itatosha. Mchoraji nimtafute mwenyewe.

Sikumtafuta mbali. Mwaura, jirani yangu wa mtaa wa Bondeni, ndiye aliyekuwa akiandika mabango ya maduka. Yule kuku mwekundu juu ya hoteli ya sokoni ni wake, na watu husema ukimtazama ukiwa na njaa unamsikia akiwika. Nilipomweleza habari ya kitabu alifuta brashi, akauliza, "Na jina langu litaandikwa ndani?" Nikamwambia litaandikwa chini ya langu. Mkewe, Wambui, hakufurahi. Mnajua mwaka huu wa Hali ya Hatari ulivyo kwa Mkikuyu kutembea. Alimwambia mbele yangu, "Nairobi si pa kwenda sasa." Mwaura akamjibu kwamba Bwana Amosi atatupokea stesheni na barua kutoka kwa wakubwa, na kwamba hatutakwenda mahali popote bila yeye.

Nakuru hadi Gilgil

Tuliondoka asubuhi yenye mawingu. Wambui alitufungia irio ya viazi na mahindi katika kitambaa, bado moto, na chupa ya chai ya maziwa. Behewa la daraja la tatu lilijaa wanawake wenye vikapu vya vitunguu na kuku waliofungwa miguu. Tulipata nafasi karibu na dirisha, na Mwaura akaanza kuchora kabla hatujapita ziwa. Alichora mama aliyelala, akachora kuku, akachora kiatu cha mtu.

Nilimwonyesha nilichokuwa nimeandika kutokana na maelezo ya Bwana Amosi. Alisoma akakunja uso.

"Mwalimu, umesema msikiti una kuba. Mtoto wa Nakuru anajua kuba?"

"Nitaandika kwamba ni paa la mviringo."

"Andika ni kama boga lililokatwa nusu likafunikwa juu ya nyumba. Hapo ataelewa."

Nikaandika boga. Akaniambia pia kwamba katika kila picha ataweka mtu chini ya jengo, kwa sababu jengo bila mtu halina ukubwa. Linaweza kuwa kasri, linaweza kuwa sanduku la sabuni. Niliona ni jambo la akili, nikalitia katika utangulizi wangu: *Mtazame mtu aliyesimama mlangoni, ndipo utajua ukubwa wa jengo.*

Tulipokwama

Baada ya kupita Gilgil mvua ilianza kunyesha kwa nguvu, na garimoshi likapunguza mwendo, likasimama katikati ya nyika. Tulifikiri linapisha jingine. Baadaye mfanyakazi wa reli akapita amelowa mpaka kifuani, akasema maji yameondoa udongo chini ya reli huko mbele na hakuna kwenda mpaka patengenezwe.

Tulikaa pale siku nzima. Irio iliisha. Karibu yetu alikuwako mzee mmoja, mpishi wa mzungu mwenye shamba Ndabibi, aliyekuwa anarudi kazini kutoka mazishini. Alikuwa na nyama baridi na mkate mweupe, akatukatia bila kuombwa. Tulikula tukimshukuru. Kisha akauliza tunakwenda kufanya nini Nairobi.

"Tunaandika kitabu cha nyumba," nikasema.

Akaacha kutafuna. "Nyumba za nani?"

"Nyumba kubwa kubwa. Tunaangalia zilivyojengwa, zina milango mingapi, zina vyumba gani."

Mzee akaufunga mkate wake taratibu katika karatasi, akauweka chini ya koti. "Kwa hivyo nyinyi ni watu wa kodi," akasema. "Mlikuja mwaka jana Ndabibi mkahesabu mpaka kibanda cha kuku wangu. Mkaniandikia nyumba mbili."

Watu wa jirani wakageuka kututazama, na mama mmoja akavuta kikapu chake mbali na miguu yangu. Nilianza kueleza habari za shule na watoto, lakini kadiri nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kufanana na karani. Aliyetuokoa ni Mwaura. Alimchora mzee yule, kofia, masharubu na mashavu yaliyojaa mkate, akampa karatasi. Mzee aliitazama akaikunja vizuri. "Watu wa kodi hawajui kufanya hivi," akasema, na mkate ukatoka tena. Behewa zima likacheka, nasi tukacheka. Nimelikumbuka jambo lile mara nyingi kuliko ninavyotaka.

Naivasha

Tulifika Naivasha kesho yake, tumechelewa kabisa, tukaambiwa behewa letu litaunganishwa na garimoshi jingine jioni. Tulishuka kutafuta chakula. Mlangoni mwa stesheni askari walikuwa wakitenga watu kwa kabila. Mimi nilitaja jina na kwetu, Maragoli, nikapita. Mwaura aliambiwa achutame pamoja na wengine kando ya ukuta, mikono juu ya kichwa. Nilisimama ng'ambo ya barabara na samaki wawili wa kukaanga niliowanunua, wakapoa mkononi mwangu.

Walipomwachilia alikuja akipangusa matope magotini. Nilimpa samaki mmoja.

"Samaki wa hapa wana ladha ya tope," akasema baada ya kula kidogo.

"Turudi?" nikamwuliza. "Garimoshi la kwenda Nakuru lipo mchana huu. Bwana Amosi atatungojea siku nyingine."

Alitafuna, akatoa mwiba. "Nikirudi sasa nitasema nilirudi kwa nini? Nilichuchumaa, nikasimama. Ni hivyo tu. Twende tuchore."

Kupanda kwenda Limuru

Kutoka Naivasha reli inapanda, na nyuma unaliacha bonde lote na mlima Longonot umejiinamia kama mtu mwenye homa. Mwaura hakuchora. Ukungu uliziba madirisha, na baridi ya Limuru ikaingia kwa kila ufa. Mama mmoja alipanda na kapu la viazi vya kuchemsha. Tulinunua, tukavishika mikononi kwanza kupata joto ndipo tukavila. Mwaura aliniuliza kama kitabu kikitoka, Nyokabi, binti yake, atapewa kukisoma shuleni. Nikamwambia akifika darasa la sita atakisoma, na nitamsimamisha mbele atutajie mchoraji ni nani. Alitabasamu akiwa amefumba macho.

Nairobi: stesheni na msikiti

Bwana Amosi hakuwako. Alikuwa ametungojea siku tuliyopaswa kufika, akarudi tena kesho yake asubuhi, kisha kazi ikamwita Mombasa. Haya niliambiwa na mlinzi wa mlango wa kampuni yake. Hakuacha barua ya wakubwa. Alikwenda nayo mfukoni. Angerudi wiki ijayo.

Tulipata kitanda kwa binamu yangu, mfanyakazi wa reli, katika nyumba za wafanyakazi. Binamu alisema tumngojee Bwana Amosi. Lakini ruhusa ya Mwaura ya kukaa mjini haikuwa ya kungojea wiki ijayo. Ama tuchore sasa, ama arudi mikono mitupu. Tuliamua pamoja, asubuhi, tukinywa uji.

Stesheni ilikuwa rahisi, kwa kuwa pale kila mtu anakaa juu ya mzigo wake akingojea, na mtu mwenye karatasi magotini hashangazi. Mwaura aliweka chini ya jengo mchukuzi mwenye sanduku kichwani. Kisha tukaenda msikitini. Mwenye duka la vitambaa ng'ambo ya barabara, Mhindi mwenye ndevu nyeupe, alitoka akatazama, akaingia ndani, akarudi na kiti.

"Kuchora nyumba ya Mungu kwa kusimama si vizuri," akasema. "Kaa. Chai italetwa."

Chai ilikuja na iliki nyingi. Mwaura alizichora kuba zote tatu, moja baada ya nyingine, na mchana ule, walimu wenzangu, nilimwona mtu mwenye furaha. Alisahau mji. Aliniambia mistari ya mawe inazunguka jengo lote kama ukanda, niandike hivyo, nikaandika. Mwenye duka alipoiona picha alishika ndevu. "Umemweka mwombaji wangu mlangoni," akasema. "Ni yeye kabisa. Hata mguu wake."

Ingekuwa safari imeishia pale ningekuwa na hadithi nzuri ya kuwasimulia.

Nairobi: nguzo za mahakama

Siku iliyofuata tulikwenda mahakamani. Ni jumba kubwa la mawe lenye safu ya nguzo nene mbele, na ukiwa chini yake unajisikia umefanya kosa hata kama hukufanya. Tulikaa ng'ambo, juu ya ukingo wa bustani. Mwaura alichora nguzo, nami nikaandika nilichoona kwa lugha ya watoto: *Mlango mkubwa uko katikati. Kuna milango mingine miwili midogo ubavuni. Madirisha ya chini yako karibu na ardhi, hata mtu anaweza kuchungulia.*

"Imebaki mtu," Mwaura akasema. Akatazama. Watu wote walikuwa wakipita haraka. Aliyesimama ni askari wa mlangoni tu, na bunduki yake. Akamchora yeye.

Sikusikia mtu akija nyuma yetu. Nilisikia sauti tu.

"Wewe, nachora nini?"

Alikuwa askari wa doria, na mwenzake nyuma yake. Mwaura akamwonyesha.

"Huyu ni nani hapa chini?"

"Ni yule wa mlangoni."

"Kwa nini umechora yeye na bunduki?"

"Ili watoto wajue jumba ni kubwa namna gani."

"Watoto gani?"

"Wa shule. Nakuru."

Askari akatazama kulia na kushoto kama anayetafuta watoto hao barabarani. "Kipande," akasema. Mwaura akampa kitambulisho chake. Askari alikisoma, akamwita mwenzake. Kisha akanigeukia. "Na wewe ni kabila gani?"

"Mluhya wa Maragoli. Mimi ndiye mwalimu, mimi ndiye niliyemleta. Kitabu ni changu."

"Simama kando."

Alikuja ofisa mzungu, kijana, macho yamemwiva kwa kukosa usingizi. Alichukua karatasi zangu akazisoma taratibu, mdomo ukifuata maneno. Niliona kidole chake kikipita juu ya mlango wa katikati, juu ya milango ya ubavuni, kikasimama kwenye madirisha yaliyo karibu na ardhi. Maneno niliyoyaandika kwa ajili ya watoto wa darasa la sita, mikononi mwake yalikuwa kitu kingine kabisa.

"Nani natuma nyinyi kuhesabu milango?"

Nilimweleza. Nilitaja shule, nikataja Bwana Amosi, nikataja barua iliyoko Mombasa. Nilisema, "Maneno hayo nimeyaandika mimi. Kama kuna kosa ni langu, nichukueni mimi." Alinitazama kama mtu anayetaka kusadiki lakini hana nafasi. Akazikunja karatasi zote, zangu na za Mwaura, stesheni na msikiti pamoja, akaziweka mfukoni.

"Wewe rudi kwenu," akaniambia. "Huyu iko na maneno mengi ya kujibu."

Mwaura alikuwa ameshachutama. Nilimwinamia nikamwambia nitamleta Bwana Amosi, nitamleta mtu yeyote. Alisema kwa sauti ya kawaida, "Mwambie mama Nyokabi nimechelewa tu." Wakamwinua wakaenda naye.

Kungojea

Sikurudi kwetu. Kila asubuhi nilikwenda kusimama mbele ya kituo walikompeleka. Mlinzi wa kwanza alinifukuza. Wa pili, mtu wa Kitui, aliniacha nikae chini ya mti na akaniuzia ndizi. Niliuliza nikajibiwa kwamba hakuna jina kama hilo. Kesho nikajibiwa kwamba jina lipo lakini mtu hayupo.

Bwana Amosi alirudi, na nitasema ukweli juu yake: hakusita. Alivaa suti, akachukua barua yake, tukaenda pamoja. Tulikuwa bado hatujaufikia mlango lori lilipotoka, lile la waya pande zote. Wanaume walikuwa wamekaa sakafuni, mikono vichwani. Mwaura alikuwa mwisho. Aliniona. Najua aliniona, maana macho yake yalisimama. Kisha akageuza uso upande wa pili, upesi, kabla askari aliyekaa naye hajafuata anatazama nani.

Ndani walimwambia Bwana Amosi kwamba barua ni nzuri, na kwamba angeileta mapema. Watu wale wamepelekwa kwenye kambi ya kuhojiwa. Ipi? Hilo halikuwa la kuulizwa na sisi.

Kurudi

Garimoshi la kurudi halikuchelewa mahali popote. Limuru, Kijabe, Naivasha, Gilgil. Kule tulikokwama reli ilikuwa imetengenezwa, imewekewa kokoto mpya, tukapita nikiwa bado naitafuta. Nilitamani likwame. Nilitamani lisifike.

Nilikwenda Bondeni moja kwa moja na mkoba wangu. Wambui alikuwa akichambua maharagwe mlangoni. Alinitazama, akatazama nyuma yangu, akaendelea kuchambua.

"Yuko hai?" akauliza.

"Nilimwona kwa macho yangu. Alisema nikuambie amechelewa tu."

Vidole vyake vilisimama juu ya sinia. Kisha akaniambia niketi, akaingia ndani kunipikia chai. Nilimsikia akipuliza moto muda mrefu, muda mrefu kuliko moto unavyohitaji.

Bwana Amosi ameniandikia kwamba kitabu bado kinahitajika na picha zitapigwa kwa kamera. Sijamjibu.

Stesheni ya Nakuru

Kuna safari moja zaidi, ingawa mimi sikuipanda. Wengi wenu mlisikia kwamba jamaa za waliokamatwa walikuwa wanarudishwa kwao. Zamu ya Wambui ilikuja mwezi uliofuata. Nilikwenda kumbebea mizigo. Askari waliniruhusu mpaka kwenye behewa. Alikuwa na sufuria, blanketi, na Nyokabi amemshika sketi. Vingine aliviacha kama vilivyo.

Alipanda, akasimama dirishani. "Mwalimu," akasema, "akitoka atakuja kwanza Bondeni. Hatatukuta. Wewe ndiye utakayemwambia tuko wapi."

Nilitoa kalamu.

"Usiandike," akasema upesi, akimtazama askari. "Karatasi zimetutosha. Sema kwa mdomo. Ni Murang'a, Gathithi, kwa shangazi yangu. Mama yake mwenyewe anakaa upande mwingine, asiende huko."

"Murang'a, Kasisi," nikasema.

"Si Kasisi. Gathithi."

"Gasisi."

Nyokabi alicheka, akaficha uso katika blanketi la mama yake. Wambui hakucheka. Aliinama akatoka nusu dirishani, akaniwekea ulimi kati ya meno nione. "Thi. Viko vijiji vingi huko vyenye majina yanayofanana. Ukisema vibaya ataenda kwingine. Sema tena."

Nilisema tena. Filimbi ilipigwa. Nilianza kutembea na behewa, nikisema, naye akitikisa kichwa kila mara, hapana, hapana, mpaka nikawa nakimbia kando yake, watu wakinitazama, mwalimu mzima anayetoa ulimi. Mwisho wa jukwaa nililisema vizuri. Niliona kwa uso wake kwamba nimelisema vizuri. Akaingiza kichwa ndani.

Nalisema jina lile kila asubuhi kabla ya kutoka nyumbani, lisije likanitoka.